Danieli Alikaa Darasani

Andiko: Danieli 1:1-20 na 2:24

Kwa wale ambao mvua ya Jumapili iliwazuia ng'ambo ya Likoni, ujumbe wenyewe ndio huu. Nimeuongeza kidogo hapa na pale, maana siku ile saa ilinikimbia na kwaya ilikuwa bado haijaimba.

Jumatano moja mwezi uliopita, baada ya maombi ya mchana, mama mmoja wa kanisa hili alinisubiri mlangoni. Mkononi alikuwa na daftari la mwanawe aliye kidato cha nne. Akalifungua katikati akanionyesha. Kijana ana mwandiko safi. Amechora kwa penseli mifupa ya mkono wa mtu, bawa la popo, pezi la nyangumi na mguu wa mbele wa farasi, vyote safu moja, na mishale inaonyesha mfupa upi wa huyu unalingana na upi wa yule. Juu ameandika jina la somo na kulipigia mistari miwili: mageuko ya viumbe.

"Pasta wangu," mama akaniambia, "haya ndiyo ninayolipia karo?"

Alitaka kanisa liandike barua kwa mwalimu mkuu. Barua iombe moja kati ya mambo mawili: somo hilo liondolewe, au mwalimu wa baiolojia aamriwe kufungua Mwanzo sura ya kwanza katika kipindi hicho hicho, ili watoto wasikie pande zote mbili. Akasema kuna wazazi wengine wanne walio tayari kutia sahihi. Nikamwomba anipe muda.

Sikuomba muda kwa kukosa la kusema. Niliomba kwa sababu mara ya mwisho nilipoulizwa jambo hili nilijibu haraka, na aliyelipa si mimi.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijawekewa mikono, nilikuwa kiongozi wa vijana. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi juzi na shahada yangu ya biashara, nina moto, nina majibu ya kila kitu. Binti mmoja, mwanafunzi mwenye akili kweli kweli, aliniuliza: mtihani ukileta swali la mageuko, niandike nini? Nikamwambia, usiandike uongo. Acha pale wazi, Mungu atakupigania. KCSE ikaja, swali likaja, na yeye akatii. Akaacha nafasi nyeupe. Matokeo yalipotoka alikosa gredi ya baiolojia aliyohitaji ili asomee uuguzi. Alikosa kwa hatua moja tu.

Mama yake alisimama hapa mbele akashuhudia kwamba mwanawe hakuuza imani yake kwa ajili ya alama. Kanisa likapiga makofi. Mimi nami nikapiga. Binti hakupiga.

Mwaka jana nilimfuata kibandani anapofanya kazi ya M-Pesa, nikamwomba msamaha. Ameniruhusu nisimulie, bila jina. Hakunilaumu sana. Alisema tu, "Pasta, jibu nilikuwa nalijua." Na swali lenyewe, nilipomwuliza lilisemaje, lilitaka aeleze ushahidi ambao wanasayansi hutumia kuunga mkono mageuko. Halikumwuliza anaamini nini. Halikumwambia amkane Yesu. Ni mimi niliyeligeuza likawa tundu la simba.

Sasa tuingie katika Neno.

Danieli tunayempenda kumhubiri ni yule wa simba, sura ya sita. Hata watoto wa shule ya Jumapili wanamjua. Lakini yule wa sura ya sita ni mzee. Katika sura ya kwanza ni kijana, tena ni mwanafunzi. Nebukadreza amewachukua mateka, kisha akamwagiza Ashpenazi achague vijana wa Yuda wenye akili na sura njema, wafundishwe elimu na lugha ya Wakaldayo. Muda wa masomo, miaka mitatu. Mtahini, mfalme mwenyewe.

Na elimu ya Wakaldayo ilikuwa nini? Haikuwa Torati, wapendwa. Babeli ilijulikana kwa watu wa kusoma nyota na wa kutazama maini ya kondoo waliochinjwa ili kujua yajayo. Ilijulikana kwa hesabu pia. Hesabu yao ya sitini sitini bado unaivaa mkononi: saa yako ina dakika 60, na dakika ina sekunde 60. Na walikuwa na habari yao ya uumbaji, ambamo mungu wao Marduki anamuua mungu wa kike wa bahari, anampasua, na kwa mwili wake anafanya mbingu na nchi. Kijana aliyesomeshwa katika jumba la mfalme angeyakwepa vipi hayo?

Tazama basi Danieli alikataa wapi. Alikataa mezani. Chakula cha mfalme na divai yake, hapo ndipo aliposema hapana, na alisema kwa adabu, akaomba wajaribiwe siku kumi kwa mboga na maji. Kuhusu masomo, sioni popote kwamba alimwendea Ashpenazi kuomba silabasi ibadilishwe. Hata jina walimpa jingine, Belteshaza, jina lenye mungu wa Babeli ndani yake, na alipoitwa aliitika. Alijua mpaka wake uko wapi. Sisi mara nyingi tunapigana kwenye jina na kwenye daftari, halafu mezani tunakula kila kitu. (Ameni imekuwa ndogo hapo. Nilitarajia.)

Mstari wa 17 unasema aliyewapa vijana wale ujuzi katika masomo hayo ni Mungu mwenyewe. Mstari wa 20 unasema mfalme alipowauliza maswali aliwaona wanawapita waganga na wachawi wote wa ufalme mara kumi. Huwezi kuwapita watu mara kumi kwa kuacha nafasi wazi.

Halafu kuna mstari ambao wengi hatuufikii, 2:24. Mfalme ameota ndoto, wenye hekima wa Babeli wameshindwa kuieleza, ameamuru wote wauawe. Danieli anamwendea Arioko na neno lake la kwanza ni kuomba wale watu wasiangamizwe. Hao ni walimu wake! Watu wa nyota na maini. Danieli aliwaombea uhai. Sisi tunawaandikia barua.

Jambo hili si geni nchini mwetu. Mwaka 1984, magharibi ya Ziwa Turkana mahali panapoitwa Nariokotome, Mkenya aitwaye Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso. Walipochimba wakapata karibu kiunzi kizima cha mvulana, ambacho wanasayansi wanakipa umri wa miaka milioni moja na nusu hivi. Ndiye anayeitwa Kijana wa Turkana. Mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa pale Nairobi yakiwa katika ukarabati, ikajulikana kwamba kijana huyo atawekwa mahali pa heshima. Askofu Boniface Adoyo, mtumishi wa Kipentekoste kama sisi, kwa niaba ya makanisa ya kiinjili, alipinga vikali mageuko yasionyeshwe kana kwamba ni jambo lisilo na mjadala. Richard Leakey naye akajibu kwa ukali. Magazeti ya Ulaya na Marekani yakaja kupiga picha. Makumbusho yakafunguliwa tena, na kijana wa Turkana alikuwemo.

Namheshimu Askofu. Alichokiamini alikisema mchana, kwa jina lake. Lakini mimi nimesomea biashara, mtanisamehe, kila jambo naliulizia faida na hasara. Tulipata nini? Vijana wengi walijifunza jambo moja tu pale, kwamba Mkristo ni mtu anayeogopa mifupa. Na ukiitazama ile familia ya Leakey utastaajabu. Babu yake Richard, Harry Leakey, alikuwa mmisionari wa Kianglikana kule Kabete na alishiriki kuitafsiri Biblia kwa Kikuyu. Mwanawe Louis, aliyekuja kuwa bingwa wa kuchimba mifupa ya kale, ujanani alikusudia kuwa mmisionari kama baba. Mjukuu Richard hakuficha kwamba haamini. Kati ya babu na mjukuu kuna kitu kilipotea, na sidhani kilipotelea makumbusho.

Ugomvi wenyewe, tukiuangalia vizuri, tumeuazima. Kule Dayton, Tennessee, mwaka 1925, mwalimu John Scopes alishtakiwa kwa kufundisha mageuko akatozwa faini ya dola 100. Miaka themanini baadaye, 2005, kesi ikarudi upande wa pili. Bodi ya shule za Dover, Pennsylvania, ilikuwa imeagiza wanafunzi wa baiolojia wasomewe maelezo kwamba kuna wazo mbadala, la mbuni mwenye akili aliyevisanifu viumbe. Jaji John Jones akaamua kwamba hiyo si sayansi, ni dini iliyobadilishwa nguo. Kwa nini Wamarekani wanapitia huko? Kwa sababu katika shule zao za serikali mwalimu haruhusiwi kumfundisha mtoto imani. Mlango umefungwa, kwa hiyo wengine wamejaribu dirisha la maabara.

Sasa hapa kwetu? Mlango uko wazi kabisa! Ratiba ya shule ya Kenya ina elimu ya dini ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu. Inafundishwa na mwalimu anayelipwa, inatahiniwa na baraza lile lile la mitihani. Kidato cha kwanza katika CRE mtoto alikuwa akifungua Mwanzo sura ya kwanza na ya pili, uumbaji wote. Mwenye ufunguo wa mlango anaingiaje kwa dirisha?

Nilimwuliza yule mama, kwa upole: kijana bado anasoma CRE? Akanyamaza kidogo. Akasema waliiacha kidato cha tatu, akachukua jiografia, kwa sababu CRE haina kazi mbele. Sikuongeza neno. Sitaongeza hata hapa.

Tena kuna jambo ambalo wazazi wengi hawajui, kwa kuwa hawajalifungua hilo daftari mpaka mwisho. Somo la baiolojia la kidato cha nne, kabla ya kuingia kwenye ushahidi wa mageuko, linataja maelezo mawili ya chanzo cha uhai. La kwanza ni uumbaji maalumu, kwamba viumbe viliumbwa na nguvu iliyo juu ya maumbile. La pili ni kwamba uhai ulianza kwa kemikali zilizoungana polepole. Kwa hiyo lile ombi la barua, uumbaji uingizwe katika kipindi cha sayansi, kwa kiasi fulani lilishajibiwa zamani. Umeingia. Na umefanywa nini humo? Umekuwa mstari wa kukariri. Mtoto anauandika, mwalimu anaweka alama kwa kalamu nyekundu, anapita swali linalofuata. Muumba wa mbingu na nchi amekuwa alama moja au mbili, sambamba na kemikali. Mimi nikiuona mstari ule sifurahi kwamba tumeshinda. Naona tumepunguzwa.

Hebu tuwaze pia darasa lenyewe, hapa kisiwani. Si darasa la Nebraska. Ni darasa la Mombasa. Dawati la mbele kuna binti yetu, pembeni yake kuna Fatuma, nyuma yao kuna kijana ambaye nyumbani kwao ni Wahindu, na pembeni yuko yule ambaye babu yake bado anakwenda kayani kuomba. Mwalimu wa baiolojia anaweza kuwa yeyote kati ya hao. Ukimwamuru afundishe uumbaji, atafundisha wa nani? Majirani zetu Waislamu nao wanaamini Mungu aliumba, na wengi wao hawakubaliani na mageuko kuliko hata sisi. Lakini habari ya Adamu wanaisimulia kwa namna yao. Mzazi aliyetaka mwalimu afungue Biblia ndiye atakayekuja ofisini kwangu muhula wa pili kulalamika kwamba mwalimu amefungua kitabu kingine. Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema nchi hii haina dini ya serikali. Wengine huiona hiyo kama hasara. Mimi ninayeishi Mombasa naiona ni ukuta unaonilinda pande zote.

Nirudi kwenye biashara, maana huko ndiko ninakoelewa. Mkaguzi wa hesabu akija dukani anahesabu kilichomo. Kama ameokoka, atukuzwe Bwana, ataomba asubuhi kabla ya kuja, na hatapokea hongo. Lakini akifungua sanduku akakuta shilingi 4,000, hawezi kuandika 40,000 kwa imani. Kazi yake ina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo inayomfanya aaminike. Mwanasayansi ni hivyo hivyo. Anahesabu kilichomo ndani ya sanduku la dunia: mawe, mifupa, damu, nyota. Akikosea, mwingine anakuja kuhesabu upya. Hawezi kukuambia duka lilifunguliwa kwa upendo gani.

Na sisi watu wa pwani tuna mfano wetu, tena wa mmisionari. Johannes Rebmann, mwenzake Krapf, alikuwa akiishi Rabai hapo juu. Mei 1848, akiwa safarini kwenda Uchaga, aliuona Kilimanjaro una weupe kileleni, akaandika kwamba ni theluji. Habari zilipofika London, msomi mmoja aitwaye Cooley, ambaye hakuwa amekanyaga huku, alikataa kata kata. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Alikuwa na ramani zake, alikuwa na nadharia yake, na aliishikilia miaka mingi. Mambo yakaisha vipi? Watu walikwenda kuangalia. Mwaka 1861 baroni wa Kijerumani, von der Decken, alifika mlimani, na mwaka uliofuata akapanda sehemu yake, na theluji ilikuwa theluji.

Tukiihubiri habari hii huwa tunajiweka upande wa Rebmann, na ni haki yetu, ni mtu wetu. Lakini Jumapili hii jiulize kama siku nyingine wewe si Cooley: umeketi sebuleni, hujaenda kuangalia, na tayari unajua kisichowezekana.

Kuangalia kwenyewe hakuhitaji nauli. Shuka hapa Ndia Kuu, ushike njia mpaka Fort Jesus. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na ukisogelea mwamba ilipokaa na mawe ya kuta zake utaona matumbawe. Utaona kombe za baharini ndani ya jiwe, juu kuliko kichwa chako, mahali ambapo maji ya bahari hayafiki leo. Nyumba za Mji wa Kale ni hivyo hivyo, matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kisiwa chote hiki tunachosalia juu yake kilikuwa mwamba wa matumbawe chini ya bahari, wakati maji yalipokuwa juu kuliko sasa. Wataalamu wa miamba wanasema yapata miaka 125,000 iliyopita. Mtoto akikuuliza, "Baba, kombe imefikaje ukutani?" usimwambie shetani aliiweka. Nimesikia jibu hilo kwa masikio yangu, kwa mzee ninayempenda, na mtoto yule alicheka, na kicheko kile kiliniogopesha kuliko swali.

Ndugu mmoja alinifuata baada ya ibada: pasta, miaka 125,000, na dunia ina miaka elfu sita? Nikamwomba anionyeshe mstari. Haupo. Hesabu hiyo inajulikana zaidi kwa Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland, ambaye mwaka 1650 alijumlisha umri wa wazee wa Biblia na mambo mengine akapata kwamba uumbaji ulikuwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Baadaye tarehe zake zikachapwa pembeni mwa Biblia nyingi za Kiingereza, na watu wakazizoea kama Neno. Katika kanisa letu wapo wanaosoma siku sita kuwa saa ishirini na nne kila moja, na wapo wasiosoma hivyo, na wote nawapa mkate wa meza ya Bwana kwa mkono mmoja. Kwamba Mungu aliumba, hapo hatugawanyiki, na mimi hapo siondoki.

Kuna jambo jingine lililopatikana jirani zaidi. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, watafiti wa Makumbusho ya Taifa na wenzao wa nje walichimba wakapata kaburi dogo. Habari zake zilitangazwa 2021. Ni la mtoto wa kama miaka miwili na nusu au mitatu, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita, kaburi la kale zaidi linalojulikana katika Afrika yote. Wamempa jina la kwetu, Mtoto. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, inaonekana alikuwa amefungwa katika kitu kama sanda, na namna kichwa kilivyolala inaonyesha kwamba aliwekewa kitu kama mto.

Niliposoma hapo kwenye mto niliiweka simu chini.

Mnajua nani aliyefanya vile. Kanisani humu wamo kina mama waliowahi kulaza mtoto hivyo, na sitawataja. Sayansi imenipa umri wa mtoto yule, imenipa mkao wake, imenipa udongo uliomfunika. Naishukuru, nisingejua. Lakini kama Mungu alimjua kwa jina, kama yule aliyeutengeneza ule mto atamwona tena, hakuna kipindi cha baiolojia kitakachoniambia, na sitaki kijaribu. Hilo ni swali la nyumba hii. Tukilipeleka maabara litatafutiwa alama mbili.

Sasa kuna upande wa pili, na ni lazima niuseme. Wapo walimu wanaovuka mpaka. Mtoto mmoja aliniambia mwalimu wake alimaliza kipindi kwa kusema, sasa mmeona, hakuna haja ya Mungu. Mwalimu huyo hakufundisha sayansi wakati ule, alihubiri. Amefanya kosa lile lile analotaka kulifanya yule mama, kwa mlango wa pili. Hapo ndipo mzazi aende shuleni. Aende kwa adabu, kama Danieli kwa Ashpenazi, si na kamera ya simu. Na aseme: mwalimu, nifundishie mwanangu baiolojia yote, usimbakishie hata ukurasa, na mambo ya Mungu niachie mimi na kanisa.

Lakini ukisema "niachie mimi", basi uwe upo. Ni lini mara ya mwisho ulikaa na mtoto wako ukafungua Mwanzo naye, ukamruhusu aulize? Tumemwachia mwalimu wa Jumapili dakika arobaini, tena tunazikata tangazo likizidi. Halafu tunashangaa mwalimu wa baiolojia, mwenye vipindi kadhaa kila wiki, anasikika kuliko sisi.

Barua sikuiandika. Yule mama nimemweleza haya yote, na hakukubali yote. Aliniambia mimi ni kijana bado, na kwamba elimu imewapoteza wengi. Nimekubali yote mawili. Tumeomba pamoja, na daftari akaniachia nilisome.

Nimelisoma. Kwa hiyo tangazo. Kuanzia Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, chumba cha vijana kitakuwa wazi kwa wanafunzi wote wa kidato cha nne, wawe wa kanisa hili au sio, Waislamu pia karibuni sana. Dada mmoja wetu aliyestaafu kufundisha baiolojia atadurusu nao silabasi nzima, pamoja na sura hiyo ya mageuko, mpaka kila mmoja aweze kuijibu bila kutetemeka. Saa sita tutafunga vitabu vya shule, na anayetaka kubaki tutafungua Mwanzo, maswali yote ruhusa. Mimi kipindi cha kwanza nitakaa dawati la nyuma na daftari langu, kwa kuwa sura hiyo sikuwahi kuisoma vizuri. Njooni na kalamu, penseli na rula. Chai na mahamri vitakuwepo. Kina mama wa jikoni tafadhali wanione baada ya ibada.